Siku Tisa za Kuisusa Klachi

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika kwa hasira, herufi zisomeke zisisomeke. Jana kwenye mgahawa wa tambi za soba kule mlimani, mbele ya wenzetu wote sita wa msafara wa pikipiki, shemeji yangu Yoshiharu kaonyesha pikipiki yake mpya. Eti inapanda gia bila kushika klachi! Unainua mguu tu, tak, imeingia, mwendo hupunguzi. Wakamzunguka kama bibi harusi. Kisha akanigeukia: "Shemeji, mkono wa kushoto hauumi? Jumapili kaa nyuma, sisi tutatangulia tukuagizie soba."

Kicheko! Mimi, Hoshina Tamotsu, niliyeongoza msafara huu miaka kumi na mmoja! Na mmoja akadakia kwamba Jumapili ijayo tujadili nani aongoze.

Haya. Kifaa cha kupandishia gia hivyo kinauzwa peke yake, unakifunga mwenyewe. Nimeagiza. Chizuko hajui. Mke si lazima ajue kila kitu, hasa akiwa dada wa adui.

Jumatano, 8 Oktoba

Kimefika. Aliyekipokea ni Chizuko. Nikamwambia ni sindano ya mashine yangu ya kushonea mikeka. Akasema ni ajabu, sindano yenye picha ya pikipiki kwenye sanduku. Nikalibeba sanduku nje kiume.

Bi. Momose, mwenye gereji ya pikipiki hapo kona, akaniona na sanduku. Akasema nimpelekee, ni kazi ya saa moja. Nikakataa. Nashona tatami, mikeka ya sakafuni, tangu nina miaka ishirini. Mikono hii haikosei hata unene wa unyasi. Itashindwa na fimbo ya gia?

Maelekezo yana kurasa kumi na nne. Nimesoma ya kwanza. Inapongeza mnunuzi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kazi yenyewe rahisi: unatoa fimbo inayounganisha pedeli na gia, katikati yake unatia kidude kinachohisi mguu wako na kuizima injini kufumba na kufumbua, gia ipite.

Nati ya juu ikafunguka. Ya chini ikagoma. Nikaongeza nguvu. Ikagoma zaidi. Nikaleta bomba refu, nikaning'inia. Kra! Fimbo vipande viwili. Kumbe nati ya chini hufunguka kinyume. Mtu gani mwenye akili timamu alibuni hivyo?

Papo hapo nikasikia sauti ya Yoshiharu kwenye geti. Kaleta matunda ya kaki kutoka kwa mama mkwe. Nikatupia mkeka juu ya pikipiki. Akaingia, akautazama, akauliza ni nini. Nikasema ni mkeka wa mteja.

"Mteja wako ana magurudumu, shemeji?"

Nikampa chai aondoke haraka. Akanywa vikombe vitatu, taratibu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa Bi. Momose kununua fimbo. Nikasema ni ya rafiki yangu. Akasema nimwambie huyo rafiki kwamba upande mmoja unafunguka kinyume, na aangalie kama pikipiki yake huvuta fimbo au huisukuma gia inapopanda, akiseti kifaa visivyo atajuta. Nikamjibu kwamba rafiki yangu anajua. Akasema rafiki yangu ana grisi kwenye nyusi.

Nimefunga! Bila msaada! Sijaseti chochote. Kilichotoka kiwandani kimetoka kimesetiwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jaribio kando ya mto. Kupanda gia bila klachi: inagoma kama punda. Kushuka: injini inapata kwikwi. Nimechunguza, nikafikia uamuzi: kifaa bado kigeni, hakijazoea. Kesho kitakuwa mwenyeji.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetangulia, kifua mbele. Kwenye mwinuko wa kwanza nikainua mguu. Hakuna. Nikaupiga teke. Ikaingia kwa mlio uliowatoa kunguru mitini. Kona ya kwanza nikashusha gia: injini kimya, kisha ikakohoa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, kali, yenye korongo chini, injini ikazimika kabisa, na tairi la nyuma likateleza. Nikaona majani, anga, majani. Nikasimama shubiri moja kutoka kwenye reli ya ukingo wa barabara.

Wenzangu walikuwa mbele, wameshanipita, hawakuona. Yoshiharu peke yake alikuwa nyuma. Akaitupa pikipiki yake mpya chini, akaja mbio.

"Shemeji! Uko mzima? Nijibu!"

Alikuwa mweupe kama tofu. Nikamwambia napumzika. Hakucheka. Akachuchumaa, akatazama fimbo yangu, akauliza kwa upole nani kafunga. Nikasema fundi. Akasema fundi kafunga vizuri sana, ila yangu huvutwa, na yeye kakiacha kifaa kwenye kusukumwa. Pembeni kuna swichi ndogo. Akaigeuza kwa ukucha.

Kwa ukucha!

Nikapanda. Gia ya pili, tak. Ya tatu, tak. Ya nne! Sijaigusa klachi. Nilipiga kelele ndani ya kofia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Kwenye soba, mjadala wa uongozi ukaanza. Yoshiharu akawahi kusema hakuna anayeijua njia hii kama shemeji yake, aendelee. Wote wakakubali. Kuhusu kona hakutamka neno, wakati ubavu wa pikipiki yake umechubuka kote.

Nimetafakari sana. Huu ni ujanja. Anataka nimwonee haya.

Jumanne, 14 Oktoba

Sitamwonea haya! Leo kwenye bafu la mtaani nimewasimulia waogaji jinsi nilivyofunga kifaa mwenyewe, na nilivyomfundisha Yoshiharu habari za kuvuta na kusukuma. Walisikiliza hadi maji yakapoa. Kasisi Enkei wa hekalu la juu, ambaye ana pikipiki ya mbio kubwa kuliko yangu, akaniomba nimfungie na yeye.

Tumeanza alasiri hii, uani mwa hekalu. Akauliza kama tumwite Bi. Momose atazame. Nikamwambia pikipiki ni pikipiki. Tangi nimeshang'oa. Petroli kiasi imemwagikia soksi zake nyeupe, akafumba macho. Ana subira mno. Nadhani ni mambo ya dini.