Sukari ya Bu Retno

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Balaa! Mwalimu mkuu, Pak Darsono, katuita ofisini mimi na mwenzangu Bu Retno; huku kwetu Java bwana ni Pak, bibi ni Bu. Wanafunzi wamepungua, walimu wawili wa sayansi ni wengi. Abaki mmoja. Mwingine apelekwe shule ya mlimani, Lawu, kwenye ukungu na mashamba ya chai. Alhamisi mkaguzi atakuja kutazama somo la kila mmoja wetu, kisha aamue. Mada ni moja kwa wote: tofauti ya mchanganyiko na myeyusho.

Mlimani! Mimi na magoti haya! Bu Retno je? Yeye bado anaendesha baiskeli. Ana mama mzee mwenye pumu, ndiyo, na baridi ile itamuua yule mama. Najua. Lakini mimi sijamwambia awe na mama mwenye pumu.

Tulipotoka akanambia tusije tukagombana, Pak Gun, riziki haigombewi. Akanigawia tempe yake, soya iliyochachushwa na kukaangwa, kama kila siku. Nikala. Nikiwa bado natafuna, nilishaanza kumpangia njama. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimepata somo! Kahawa! Hii yetu ya kumwagia maji ya moto juu ya unga wake, bila kuchuja. Machicha yanatuama chini: mchanganyiko huo, unavitenga vitu vyake kwa kitambaa tu. Sukari haionekani, imeenea kikombe kizima, kitambaa hakiishiki: huo ndio myeyusho. Safi kabisa!

Shida ni watoto. Wening, binti wa dawati la mbele, kauliza sukari imepotelea wapi. Nikasema haijapotea. Kauliza sasa iko wapi. Nikamwambia asinichoshe, aonje mwenyewe. Kaonja, kakunja uso, kasema kwa heshima zote kwamba ni chungu. Kumbe sikutia sukari.

Nikaona nikate njia. Siku ya mkaguzi, nikiuliza mmeelewa, darasa zima liitikie: "Nggih!" Ndiyo yetu ya adabu hiyo. Mtoto wa Kijava hamwambii mkubwa "hapana" hata nyumba ikiwaka moto. Tumefanya mazoezi mpaka mabati yakatetemeka. Sijawahi kuwa na darasa lenye akili kiasi hiki.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimefanya jambo.

Mkebe wa sukari wa Bu Retno ulikuwa mezani kwake, tayari kwa kesho. Ataikoroga kwenye glasi ya maji, na mchanga kwenye glasi nyingine, watoto walinganishe. Chumba cha walimu kitupu. Nikaimimina sukari yote, nikajaza unga wa muhogo. Mweupe kwa mweupe, nani atajua? Maji yake yatageuka tui, mkaguzi atacheka, basi. Sukari nikaitia kwenye kahawa yangu, dhambi isiende bure.

Mara Bu Retno akaingia. Akauliza kama nimekula, maana naonekana sina raha. Nikasema nimeshiba. Moyo ukanisuta. Nikaubembeleza ukalala, lakini umelala kwa shida.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mungu wangu.

Nilianza mimi. Nikaeleza vizuri, nikauliza mmeelewa. "Nggih!" Mkaguzi, Bu Hartini, mama mwembamba mwenye miwani, akaruka kwenye kiti. Nikafurahi. Nikakoroga kikombe, nikamkaribishia pale pale aonje. Kwa haraka ya kujipendekeza nikasahau kusubiri machicha yatuame, mimi niliyetoka kufundisha kwamba yanatuama! Akapiga funda. Akakohoa. Meno yote meusi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Akajifuta, akawageukia watoto. Akawauliza kama machicha haya yameyeyuka. "Nggih!" Sukari je, inachujika kwa kitambaa? "Nggih!" Na jiwe nalo, ukilikoroga sana, linayeyuka? "Nggih, Bu!" Mabati yakatetemeka tena. Wening peke yake alinitazama kwa huruma, huku akiitikia.

Kisha Bu Retno. Nikakaa nyuma nipate angalau kitulizo. Akatia unga wangu majini, akakoroga. Tui tupu! Nikashika mbavu. Naye hata hakushtuka. Akawauliza watoto wanaona nini. Mmoja akasema maji yamechafuka. Mwingine akasema basi haijayeyuka. Akawaambia waiache glasi itulie kwanza. Wakasubiri, shingo zimewatoka, mpaka weupe ukaanza kushuka na kulala chini. Hapo wakaanza kubishana wao kwa wao, hee, huyu anasema mchanganyiko, yule anadai sukari hii imeoza! Wengine walimwambia Bu Retno usoni kwamba amekosea mkebe. Naye akawapongeza. Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kuona watoto wakibisha kwa furaha namna ile.

Nilitamani ningekuwa mwanafunzi wake. Nasema kweli.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Uamuzi umetoka. Mkaguzi kasema watoto wa mlimani hawana mwalimu wa sayansi hata mmoja, wanastahili aliye bora. Bu Retno anakwenda. Mimi nibaki hapa, karibu na Pak Darsono, aweze kuniangalia.

Nimeshinda! Nimeandika "nimeshinda" na mkono haukutaka.

Mama yake Bu Retno atabaki hapa kwa binti yake mwingine. Bu Retno kalia kidogo chooni, kisha akatoka na kunigawia tempe. Nikaifunga kwenye karatasi, nikaiacha mezani.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nimemsaidia kufunga vitabu vyake. Akanambia huku anacheka kwamba asubuhi ile ya Alhamisi alikuta mkebe wake hauna sisimizi hata mmoja. Chumba chetu kile! Sukari gani isiyo na sisimizi? Akaonja, akajua. Akaona bora aufundishie huo huo unga. Kasema hajui nani kamfanyia, na hataki kujua, ila mtu huyo kamsaidia kutoa somo zuri kuliko yote maishani mwake.

Alinitazama. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi. Nikasema kamba hii haijakazwa vizuri.

Gari likaondoka. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi sina hata mtoto, na mjukuu nimeshampata.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Nakunywa kahawa peke yangu. Hakuna wa kuniuliza kama nimekula. Dada yake Bu Retno kanambia sokoni kwamba mama halali, anamwita Retno kila akikohoa. Nimenunua tempe, ikanishinda. Namkosa Bu Retno jamani, namkosa sana.

Lakini nimepata dawa! Kesho asubuhi nitamnong'oneza Pak Darsono kwamba Bu Retno hafai kuongoza sayansi mahali popote. Mwalimu gani anayechanganya sukari na unga wa muhogo mbele ya mkaguzi? Darasa zima ni shahidi. Watamrudisha hapa aangaliwe kama mimi, kabla ya mwisho wa mwezi, karibu na mama yake, karibu na meza yangu.

Atanishukuru.