Kura za Nusu Kichwa

Jumatatu, 6 Mei
Siku mbaya. Shemeji kabandika picha ya Mkunga kwenye kioo chetu. Kioo cha kinyozi! Mteja anaketi atazame uso wake, anakutana na bibi wa miwani anayetabasamu. Jumamosi chama kinachagua mgombea, na kila mwenye akili anajua anayefaa ni Mkandarasi. Mkandarasi ameniahidi cheo. Hakukitaja, lakini alinishika bega.

Nikabandika picha ya Mkandarasi juu ya ile. Shemeji kasema Mkunga ndiye aliyempokea duniani yeye na dada yake, na dada yake ndiye mke wangu, kwa hiyo bila Mkunga nisingekuwa na mke. Nikamjibu sioni hasara. Mke wangu alikuwa mlangoni na chakula cha mchana. Kageuka nacho.

Jumatano, 8 Mei
Nyumbani naongea na ukuta. Kazini ni kununiana. Ukweli mchungu: viti vya kunyolea ni viwili, lakini wateja wote ni wa shemeji. Ana mkono mwepesi. Mimi wananijia wenye haraka.

Leo kasema nikiendelea na vituko vyangu atahamisha kiti chake. Nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya duka nikakaa chini. Akiondoka nimekwisha. Hata mke sijui kama atabaki. Lakini nitaachaje cheo kwa kumwogopa shemeji?

Ijumaa, 10 Mei
Nimepata! Kesho hakuna karatasi. Tunapanga foleni uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake, hadharani, tunahesabiwa. Sasa, nani atasimama mbele za watu kanyolewa nusu kichwa?

Watu wa Mkunga watakuja kunyoa asubuhi. Shemeji atakuwa ameshatangulia kupanga viti vya uwanjani. Wataniangukia mimi. Nawanyoa upande mmoja, nazima swichi kubwa, nasema umeme umekatika. Watajifungia majumbani. Akili ni mali!

Jumamosi, 11 Mei
Mungu wangu.

Ilianza vizuri. Fundi viatu, upande wa kulia. Muuza mkaa, upande wa kushoto. Dereva wa lori, mbele tu. Na wengine, kila mmoja nikimwambia asubiri mashine ipoe, mpaka mkono ukaniuma. Kisha umeme ukakatika. Nikawapa pole kwa sauti ya mfiwa.

Hawakujifungia. Walikwenda uwanjani vivyo hivyo, wamefura, wakaeleza nani kawafanyia na ni wa kambi gani. Foleni ya Mkandarasi ikaanza kuhama. Kwanza mmoja mmoja kwa aibu, halafu kama mchele unaomwagika kwenye gunia lililotoboka. Hata mlinzi wake kahama! Nilipofika nikasimama nyuma ya Mkandarasi kwa ushujaa. Akageuka, akanitazama, akaniomba kwa upole nihamie kwa Mkunga.

Jumapili, 12 Mei
Shemeji kaja na mkokoteni. Angepiga kelele ningepata nafuu. Kapakia kiti chake, mashine zake, taulo zake. Kasema jana aliwamalizia wote upande uliobaki, bure, na kila kichwa alikiomba radhi kwa niaba yangu, kwa sababu mimi ni ndugu yake. Sasa undugu umemchosha. Akavuka barabara, akafungua upande wa pili, palepale ninapomwona.

Nimebaki katikati ya duka. Sikujua chumba hiki ni kikubwa hivi. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumanne, 14 Mei
Hakuna mteja. Nimejinyoa mwenyewe ili mashine ipate kazi. Vibaya.

Mke wangu analala kwa mama yake. Nimevuka barabara mara moja kumwamkia shemeji. Akaitikia, maana ana adabu, akaendelea kunyoa.

Alhamisi, 16 Mei
Mke wangu karudi! Amemwangukia kaka yake kwa ajili yangu. Shemeji atarudi Jumatatu kwa sharti moja: siasa basi. Nikaapa. Mke wangu kaniambia niape tena nikimtazama machoni. Nikaapa tena. Nikakimbia dukani kupiga deki, napangusa na huku nacheka peke yangu. Ndugu wa namna hii hapatikani popote. Sitamchezea tena maishani.

Jioni Mkandarasi kapita. Kaniita mheshimiwa! Amekata rufaa. Anadai foleni ya Mkunga ilijazwa watu wasio wanachama, na anachohitaji ni jina la aliyewaingiza. Chama kitamfukuza mtu huyo, na pengine polisi watamwita kidogo. Nikamwambia nimeachana na siasa kabisa, nimeapa. Kasema jina si siasa. Kweli, nilipolifikiria, jina si siasa.

Nimempa la shemeji. Ndilo lililonijia mdomoni, nimekuwa nikilitaja kutwa nzima kwa furaha. Jumatatu akirudi nitamweleza mwenyewe, taratibu, akiwa ananinyoa ndevu. Ataelewa.