Marehemu Anayekaanga Mandazi Manyatta

Asubuhi hiyo Bibisi alifika kwenye benchi ya kahawa ya Mzee Idd akipunga karatasi kama mtu aliyepandishwa cheo. Bibisi ni Opiyo, fundi viatu wa hapa Manyatta, lakini habari haimpiti, ndiyo sababu ya hilo jina.

"Wale watu wa geti ya kijani huko Milimani, wale wa kusaidia yatima, wameingia intaneti! Jamaa wa saiba huko tauni amenitolea karatasi yao."

"Inasema nini?" Beldina aliuliza bila kuinua macho kwenye karai. Anakaanga mandazi hatua mbili kutoka benchi, kwa hivyo hakuna soga inayompita. Na hao watu aliwajua. Mwezi wa pili walikuja kwake, wakampiga bintiye Awuor picha, wakamletea sare ya shule.

"Juu imeandikwa Kuhusu Sisi."

"Kwani hawajijui?" akauliza Injinia. Huyo ni Gordon, anayetengeneza baiskeli za boda boda.

"Omera, ndugu yangu, si yao! Ni ya mtu wa mbali. Mzungu yuko kwao, hakujui. Anafungua hapo, anajua wewe ni nani, unafanya kazi gani."

"Si aulize jirani?"

"Jirani gani, na yeye yuko Ulaya?"

"Aa, sasa nimeshika. Ni pahali mtu anajisifu bila majirani kukohoa."

Mzee Idd akaweka birika chini. "Yangu ingesema hivi: Idd, kahawa safi tangu sabini na nne, tangawizi mingi, maji ya bomba."

Injinia akakohoa. Bibisi akakohoa. Hata Beldina alikohoa, na haukuwa moshi.

"Basi ya Injinia," Idd akajibu, "iseme: bingwa wa breki. Wateja wake watawaeleza wakitoka wodini."

"Wacha kuniharibia jina, Mzee! Bibisi, soma."

"Tuko na watoto arobaini, zahanati, na motaboti."

"Motaboti? Milimani? Inaelea kwa nyasi?"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bibisi akafungua karatasi ya pili, akaisogeza karibu na macho.

"Min Awuor," akamwambia Beldina polepole, yaani mama Awuor. "Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ya kifo chako."

Hapo kwenye karatasi Awuor alisimama wima, ameshika kwa mikono miwili ile picha ya mamake ya studio, na fremu yake, vile mtoto hushika picha mbele ya jeneza. Chini wameandika: *Awuor, yatima, na picha ya marehemu mamake.*

Beldina akakumbuka. Ni yeye mwenyewe aliyemtuma. Siku hiyo mikono yake ilikuwa unga mtupu, akaona haya kupigwa picha hivyo. Akamwambia mtoto, "Shika ile ya ukutani, hata mimi nionekane nikiwa smati."

"Ulizikwa lini, na sisi hatukula?" Injinia akalalamika. "Hata kuku?"

"Baba Awuor akisikia huko Nakuru," Bibisi akaongeza, "ataoa kabla matanga iishe!"

Beldina alijaribu kucheka. Kisha akaona kidole cha Bibisi kimefunika mstari wa mwisho.

"Toa kidole. Soma."

"Si kitu, Mama."

"Soma, Opiyo!"

"Awuor hana mtu. Anangoja familia mpya, hata ng'ambo, imchukue."

Hakuna aliyekohoa.

Beldina akaopoa mandazi ya mwisho, akamwagia moto maji. "Waliandika mbele yangu, na mimi sikuuliza wanaandika nini. Niliona sare tu, mdomo ukafungika. Nyinyi muko na watoto. Mtu wa kamera akija kwenu, muulize kwanza, mtoto wangu ataitwa nani huko?"

Injinia tayari alikuwa ameshika baiskeli. "Panda, Min Awuor. Shule kwanza, tuhakikishe ako darasani. Halafu Milimani. Na breki iko!"

"Na askari wa geti akikuuliza wewe ni nani?" akauliza Mzee Idd.

Beldina alikuwa ameshakaa kwenye keria, karatasi mkononi, unga bado kwenye viwiko.

"Nitamwambia aite mkubwa wake. Amwambie marehemu yuko nje, amekuja kuchukua mtoto wake huko intaneti."