Bibi wa Levina Amekufa Tena

Jumatatu, 10 Februari
Makamu Mkuu wa Shule anastaafu! Mkuu wetu, Mama Recheli, ametangaza asubuhi ofisini. Atakayerithi kiti ni mmoja kati yetu wawili: mimi wa Kidato cha Pili B, au Shamila wa Kidato cha Pili A. Kigezo ni mahudhurio. Darasa litakalomaliza mwezi bila mtoro, mwalimu wake ndiye makamu. Shamila akatabasamu. Kwa nini atabasamu? Mtu mwenye nia safi hatabasamu kabla ya chai.

Nikaita majina. Wapo wote, isipokuwa Levina. Dawati lake tupu, katikati kabisa, kama pengo la jino la mbele. Rafiki yake akasema Levina amefiwa na bibi. Bibi! Huyu si alifiwa na bibi mwezi uliopita? Nilimpa ruhusa mimi mwenyewe. Nikampa na pole. Sasa naitaka pole yangu.

Jumanne, 11 Februari
Nimetangaza sheria mstarini. Kila mwanafunzi ana ruhusa ya kufiwa na bibi mmoja kwa muhula. Wa pili ni utoro. Watoto wakaguna. Mmoja wa nyuma akauliza, je, kama ana mabibi wanne na wote wanaumwa? Nikamwambia wapokezane.

Kabla ya mapumziko Mama Recheli kaniita. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba mdogo wake bibi naye ni bibi, na dada yake, na mke mwenzake pia. Najua! Hata kwetu Uzaramo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana nashuku. Mlango mpana namna hiyo, mtoro gani atashindwa kupita? Sheria kaifuta. Natoka, namkuta Shamila koridoni anapangusa miwani. Miwani yenyewe ilikuwa safi.

Jumatano, 12 Februari
Darasa la Shamila limejaa tena. Haiwezekani. Nimepita dirishani kwake mara kadhaa kuona kama kaazima watoto wa kidato cha kwanza. Sura zote za kidato cha pili. Basi anawahonga. Nikambana kijana wake mmoja: mwalimu wenu anawapa nini? Akasema hawapi kitu, ila mtoto asipofika shule, Mwalimu Shamila huenda kwao jioni kumjulia hali. Jibu la kukaririshwa hilo! Nani azunguke mtaa mzima wa Ipuli na tope hili kujulia watu hali?

Lakini kanipa wazo. Nitaenda msibani kwa Levina. Si kujulia hali, kufumania. Rafiki yake anadai mazishi ni kesho, kijijini kwa mjomba, njia ya Ulyankulu, walikuwa wanangoja ndugu kutoka Mpanda. Eti Mpanda. Ruhusa siombi. Nikiomba, Shamila atajua, atawapigia simu, nao watapata muda wa kutafuta maiti.

Alhamisi, 13 Februari
(Naandika kijijini, kwenye karatasi ya kuazima.)
Nimeondoka alfajiri na bodaboda. Tumeanguka njiani, upande wangu. Nafika, watu wanacheka! Mzee mmoja kavaa kanga ya marehemu, anachechemea na mkongojo kama yeye, anadai ugoro wake. Akina mama wanashika mbavu. Utani, naujua. Mimi ni Mzaramo, Wanyamwezi ni watani wangu tangu enzi za misafara. Lakini mtu akitaka kuficha kwamba msibani hakuna machozi, ataita nani? Watani! Levina akaniona, akaanza kulia. Nikajua tayari, hatia hiyo.

Ilibaki kuhakikisha. Nikapaza sauti: mimi ni Mzaramo, na huyu bibi hazikwi! Nikarukia kaburini. Ni haki ya mtani, hakuna wa kunigusa. Nikakagua nikiwa humo humo. Kaburi ni kaburi kweli. Nikatazama juu, wabeba jeneza wanatoka jasho kwa uzito. Lina mtu. Nilisikitika sana.

Huko juu furaha isiyo kifani. Wamempata Mzaramo halisi! Wakaniita mla nazi, wakauliza ngoma nimeiacha wapi. Nikawaambia babu zao walibeba mizigo mpaka kwetu pwani, wakanywa madafu yetu, wakaondoka bila kuaga. Katekista kafunga kitabu chake, anangoja. Mjomba wa Levina, bwana Luhende, akainama ukingoni: Mzaramo anataka nini ili atoke? Kuku? Nikasema kuku akae naye. Namtaka Levina darasani Jumatatu.

Mwenye kanga kaacha kuchechemea. Kumbe marehemu ndiye aliyekuwa akiishi na Levina mjini na kumsomesha. Sasa hana pa kukaa, na Luhende alishaamua abaki kijijini akaushe tumbaku. Majani yamejaa, mikono haitoshi. Nikasema sitoki. Dawati langu liko tupu! Mama mmoja akasema mtani akishaingia kaburini hakataliwi, mnataka mama yetu alale nje? Wenzake wakamuunga mkono. Luhende akajikuna kichwa, akaapa mbele ya jeneza: mtoto atasoma, ila wa mjini wamtafutie pa kulala. Nikamwambia hilo si suala la mahudhurio. Wakanivuta juu.

Levina akanishika mkono, hakuuachia mpaka tukamaliza kuzika. Nikamwambia asichelewe mstarini.

Bodaboda kaondoka. Mtani haendi zake hivi hivi, nimefukia, nimegawa ugali, sasa naitwa kuosha masufuria.

Ijumaa, 14 Februari
Balaa! Jana wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, walikuja shuleni. Wakaita majina ya walimu. Wote walikuwepo, isipokuwa mmoja. Mama Recheli kaniuliza nilikuwa wapi. Msibani. Nani amefariki? Bibi. Bibi yako? Wa mwanafunzi. Akauliza kama niliomba ruhusa. Kisha akasema hana haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Makamu ni Shamila.

Nani aliwaita wale watu siku ile ile? Sisemi. Lakini baadaye Shamila kaja kunipa pole na kuuliza habari za Levina. Ana hali gani? Mjini atakaa kwa nani? Kijiji chenyewe kiko wapi? Maswali ya polisi hayo. Nimemjibu nusu nusu.

Jumatatu, 17 Februari
Levina kaja! Sare imepigwa pasi, nywele zimesukwa. Darasa limejaa. Nimeita majina kwa sauti, na dirisha nimelifungua ili A wasikie.

Halafu nikajua anapokaa. Kwa Shamila! Kamfuata mwenyewe kijijini Jumamosi, kampa chumba cha binti yake aliyeolewa. Amekwishachukua umakamu wangu, sasa kachukua na mwanafunzi wangu. Mama Recheli anasema nilichofanya kaburini kimemwokoa yule mtoto, na kwamba machozi yalimtoka aliposimuliwa. Nikauliza kama hilo linabadilisha chochote. Akasema hapana, mimi bado ni mtoro.

Jumatano, 19 Februari
Levina kaja tena. Wa kwanza getini, kabla hata ya mlinzi. Kajibu maswali yote ya hesabu. Jioni kabaki kufagia darasa, zamu si yake. Akaniambia shikamoo kwa furaha, nikasahau kuitikia.

Hii si kawaida. Mtoto kafiwa juzi tu, analala nyumbani kwa adui yangu, na anawahi namna hii? Katumwa. Kesho alfajiri nitajibanza mkabala na nyumba ya Shamila nione wanapanga nini. Darasani waite majina bila mimi.