Kompyuta Iliyojipa Namba

Jumatatu, 6 Juni 2005

Mjukuu kazaliwa Maskati! Juzi Jumamosi. Wa kike, wa kwanza, mzima, analia vizuri. Mwanangu Ridhiwani kaleta habari kwa barua pepe. Majirani wamekuja kunipongeza. Nimewapa chai, nimewasimulia, mengine nimeongeza mwenyewe.

Sasa jina. Litatolewa Ijumaa, siku ya akika. Mimi nataka aitwe Rukaiya, jina langu. Lina kasoro gani? Biasha, mama wa mkewe Fatu, anataka aitwe Biasha. Huyu mwanamke! Tumempigia Ridhiwani simu kwa zamu mpaka kaizima. Kisha kaandika: mama zangu, simu basi, nimechoka. Andikeni kwa kompyuta. Atakayetangulia, jina lake ndilo.

Kompyuta tunazo, kila mtu yake. Kabla hajaondoka, Ridhiwani alitufungulia kibanda cha intaneti hapa Kibiti kando ya barabara. Chumba changu, chumba cha Biasha, ukuta mmoja. Dishi liko juu ya bati. Boksi lenye vitaa liko rafuni kwangu, na nyaya mbili za buluu zinatoka humo, mmoja wangu, mmoja wa Biasha, kila mmoja unapita kwanza kwenye kiungio kidogo cha umeme mezani.

Nimechomoa wa Biasha. Basi! Boksi nimelifunika kanga kama mtoto mchanga, maana jicho la yule si zuri. Nimeshinda na raha zangu.

Jumanne, 7 Juni

Jenereta limewashwa, kompyuta yangu haitoki nje! Pale chini pembeni imetoa alama ya njano. Na nyuma ya ukuta namsikia Biasha: ta... ta... Anadonoa kama kuku. Yake inafanya kazi! Mambo gani haya?

Nimemwita fundi Mrisho. Kafungua dirisha jeusi, katazama, kaguna. Eti namba ya kompyuta yangu inaanza na 169.254, na hiyo hakuna aliyeipa. Kompyuta ikiamka huuliza nani atanipa namba, na mgawaji ni boksi. Isipojibiwa, hujipa yenyewe. Nikamwambia ndiyo adabu gani hiyo! Mkubwa wake yupo rafuni, yeye anajitwalia! Kasema bibi, haina kosa, imeita haikuitikiwa. Kwa namba hiyo itasalimiana na yatima wenzake tu. Maskati haifiki.

Kauliza kama nimegusa waya wowote. Nikamwuliza kama mama yake naye humhoji hivyo. Karudia dirisha lake jeusi.

Jumatano, 8 Juni

Mrisho kaizima, kaiwasha. Kaiamuru iache namba ile, iombe upya. Imeomba weee, mwisho imejipa 169.254 tena. Kaidi hii! Imenipendeza kidogo.

Kataka kufunua boksi. Nikamwambia tangu lini mwanamume mwenye ndevu akafunua kanga ya mwanamke? Karudi nyuma mpaka kagonga mlango. Ana haya, nampendea hilo.

Nikampitia Biasha, eti kumjulia hali. Nimechungulia barua yake. Tangu jana yuko kwenye salamu! Za watu wa Mtawanya kamaliza, sasa yuko Ngarambe, jamaa mmoja mmoja kwa jina na ukoo. La mtoto hajalifikia. Nikamwambia Mama Fatu, wa Ndundu usiwasahau, watanuna. Kanishukuru! Nimetoka nimejiziba mdomo.

Alhamisi, 9 Juni

Nimefunua kanga mwenyewe. Lo! Waya niliochomoa Jumatatu ni wangu. Zote buluu, nani angejua?

Matundu yako safu moja, na Biasha kachomekwa humo. Pembeni kuna tundu moja la peke yake, limeshikwa na waya wa kijivu. Mimi mama wa mwanamume, sikai safu moja na Biasha. Nimechomoa wa kijivu, nimechomeka wangu hapo pa heshima. Kanga juu.

Kompyuta? 169.254! Haina shukrani.

Mara Biasha kapiga kelele. Kamaliza barua, jina kaliandika, kabonyeza, haiendi! Anasema Mrisho kamtazamia, namba anayo, nzuri, boksi limempa, lakini nje hatoki. Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikakumbuka kuwa nami sitoki.

Ijumaa, 10 Juni

Siku ya akika. Mrisho kaja na Biasha, ujanja wao! Biasha mwanamke mwenzangu, kafunua kanga. Mrisho katazama boksi, kanitazama mimi. Eti bibi, waya wa dishi, huu wa kijivu, umelala chini, na wako umekaa mahali pake. Nikasema panya. Kauliza panya gani anachomoa, kisha anachomeka. Nikamwambia wa siku hizi wamesoma.

Karudisha kila kitu mahali pake. Namba imekuja nzuri, ya kupewa, inaanza na 192. Tukakimbilia kuandika, kila mtu kwake. Barua imetutangulia! Ridhiwani anasema wamengoja, wageni wamekaa, shehe kakaa, hakuna bibi aliyeandika. Basi wamempa wenyewe. Anaitwa Zena.

Zena! Zena nani? Biasha kakaa chini sakafuni, nami nikakaa. Tumewasema vibaya wazazi wale tukila vitumbua vya Biasha, na vitumbua anavijua, sikatai. Mrisho, mdomo umejaa, kasema nao waliita hawakuitikiwa. Nimemnyang'anya sahani.

Picha imeletwa. Mtoto mzuri! Pua yangu. Biasha anasema yake. Tumegawana: mimi pua, yeye masikio. Tumeitazama mpaka jenereta likazimwa.

Jumamosi, 11 Juni

Ridhiwani kaandika tena. Zena ni la cheti, la nyumbani bado, la kumwitia uani. Bibi atakayetangulia ndiye atakayelitoa. Biasha kaanza salamu tangu jenereta lilipowashwa, yuko Ngarambe!

Sigusi waya, sina haja. Nimemwuliza Mrisho boksi lenyewe lina namba gani, kanitajia. Nimemwambia aiandike hiyo hiyo kwenye kompyuta yangu, kila mtu aje kuomba kwangu. Kasema bibi, viwili vikiwa na namba moja vitagombana, kibanda kizima kitakwama. Nikamwambia andika. Vigombane, mkubwa ajulikane!

Kaandika. Nangoja Biasha abonyeze.