Mteja wa Muscat

Hilali hakupenda kuitwa mwizi. Wizi, alisema, una mbio nyingi. Yeye alikaa tu mgahawani karibu na soko la Tabora, akinywa chai ya mkopo, ndipo akamsikia Mzee Popatlal, muuza vitambaa, akilalama, "Siku hizi watu wananunua mtandaoni. Mimi nauzia nzi."

Hilali akasogeza kiti. "Shikamoo, mzee. Duka lako linaweza kuonekana hadi Muscat."

"Marahaba. Kwa bei gani?"

"Uone kwanza."

Ndani ya kompyuta yake ya mkononi Hilali alikuwa ameweka programu ya seva, ile ambayo mafundi hujengea tovuti nyumbani kabla ya kuzipeleka duniani. Ukiandika jina la tovuti, kompyuta haiendi popote. Inajiuliza na kujijibu yenyewe, kama mlevi. Seva moja hubeba tovuti nyingi, kila moja na jina lake. Fundi mwaminifu akimaliza huzipandisha hewani. Hilali akimaliza hufunga begi.

Akamjengea Popatlal duka la vitambaa, Masolwa wa Nzega duka la mchele, na Bi Asmahani duka la asali. Simu, aliwaambia, zitaanza kuyapata mwezi ujao, mitambo ikishazoea.

"Na wateja wakilipa?" aliuliza Masolwa.

"Fedha zinapitia kwangu kwanza. Kwa usalama."

Wakatoa malipo ya mwanzo bila kinyongo, kila mmoja akiamini amewaacha wenzake nyuma.

Ila Bi Asmahani alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Hilali alipotoka kunawa mikono, mama yule alichomoa modemu ya intaneti kwenye kompyuta ya fundi, akafungua tovuti yake. Ikafunguka, tena upesi kuliko mwanzo. Akairudisha modemu mahali pake, akamkaribisha fundi wali.

Siku ya safari, tiketi ya treni ikiwa mfukoni, Hilali aliitwa kwa Bi Asmahani akachukue malipo ya mwaka wa pili. Angeondoka zake, lakini mwaka wa pili ni mwaka wa pili. Akawakuta wote watatu barazani.

"Mwanangu, nimepata mteja!" alisema Bi Asmahani. "Bwana mmoja wa Muscat ameiona tovuti. Kanunua asali yote, na kishalipa."

"Kamlipa nani?"

"Wewe. Si zinapitia kwako?"

"Haiwezekani, mama."

"Kwa nini haiwezekani?"

Masolwa, mwenye mabega ya kubeba magunia, akasimama mlangoni. Hilali akapima: kueleza ni kukiri, na kukiri mbele ya mabega yale ni kujitakia.

"Inawezekana," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata vitambaa vyangu kanunua!" akadakia Popatlal.

"Na mchele!" akasema Masolwa.

Bi Asmahani hakuwa amewafundisha neno. Wafanyabiashara wana vipaji vyao.

Hilali akatoa kila alichokuwa nacho. Kilichopungua kikafidiwa na kompyuta, pamoja na maduka yake yote ya Muscat. Tiketi wakamwachia, kwa huruma.

Treni iliposimama Kigwa, alitazama kushoto na kulia, akatoa simu, akaandika jina la duka la asali. Halikupatikana.

Akangoja kidogo, akajaribu tena.