Daftari la Bi Doreen na Wadakaji Wangu Tisa

Jumapili, 9 Machi 2025

Siku kumi na tatu kabla ya mnada. Kahawa imepoa. Mke wangu Paula ananitazama kama mgonjwa.

Nikifa leo, atakayesoma haya aelewe. Tuko watu kumi na wawili hapa Xenia, Ohio. Kila mwaka, kabla ya msimu wa besiboli, tunakutana kwenye gereji ya Mchungaji Glenn, kila mmoja na dola 260 za mchezo, tunanunua wachezaji wa kweli kwa mnada. Ukimpata mtu, anayoyafanya uwanjani majira yote ya joto yanakuwa alama zako. Timu moja, watu ishirini. Ligi za wenzetu zinataka mdakaji mmoja, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Sisi watatu! Mwanzilishi ni marehemu baba. Alikuwa mdakaji enzi za shule, akaapa wadakaji hawatadharauliwa mbele yake.

Timu yangu, Bundi, ni yake. Kiti cha kukunja ninachokalia gerejini ni chake. Nimekuwa wa mwisho miaka miwili. Ukiwa wa mwisho mara tatu mfululizo, unapokonywa timu. Anayeingojea ni shemeji yangu Randy, na ameshanunua kofia. Randy! Mtu anayepiga kelele "goli!" kwenye besiboli!

Lakini kinachoniwasha zaidi ni Bi Doreen Huckaby. Mkutubi mstaafu, miaka sabini na moja, kashinda mara tano. Hana kompyuta. Ana daftari la kijani. Mna nini humo? Lazima nijue.

Jumatano, 12 Machi

Nimeingia! Kuuza mazulia kuna faida zake. Nilimpigia Bi Doreen nikamwambia dukani tuna ofa, nipime sebule yake bure. Hakuna ofa. Akasema karibu mwanangu.

Daftari lilikuwa mezani. Limefunguliwa! Akaenda jikoni kuleta kahawa, akakawia huko mpaka nikafikiri anailima. Nikachungulia. Ukurasa mzima una neno moja: WADAKAJI!!! Mistari miwili chini yake.

Moyo nusura unitoke. Kumbe! Timu kumi na mbili, wadakaji watatu kila moja, jumla thelathini na sita. Wanaojua kupiga mpira hawafiki kumi. Bibi anataka kuwabeba wote, kisha tumpigie magoti. Ng'o! Nitawabeba mimi.

Kwa furaha nikajikuta nimemuahidi zulia la sebule kwa nusu bei.

Jumamosi, 15 Machi

Mazoezi ya uso mkavu mbele ya kioo. Paula akanadi bakuli la sukari ili anipime. Nimelinunua kwa dola arobaini. Paula anasema bakuli ni letu tangu harusi na hakukuwa na mtu mwingine anayelishindania. Hajui mambo ya mnada.

Jumamosi, 22 Machi

Siku yenyewe! Gereji imejaa, sufuria la maharage na nyama linachemka, Randy kaja "kutazama tu" na kofia yake kichwani. Akaniuliza kiti cha baba kinakunjwaje. Nikakikalia upesi.

Mdakaji wa kwanza, Teo Barragán. Nani kamtaja? Bi Doreen! Nikajua ndiyo yenyewe. Akasema ishirini. Nikasema ishirini na moja. Akahema. Thelathini. Thelathini na moja mimi! Akashika kifua, akasema Wendell mwanangu unaniua. Nikapata raha ambayo sijaipata tangu harusi yangu.

Wa pili, mimi. Wa tatu, mimi. Kila mara bibi anataja jina, anapandisha, anahema, ananiachia. Mchungaji Glenn akaniuliza kwa upole kama niko sawa. Kufika saa tano, nilikuwa na wadakaji tisa na dola kumi na tisa za kununulia watu kumi na mmoja. Nikakaa nikawangoja wenzangu waje kulia.

Hawakuja. Walikuwa wananunua warushaji na wapigaji wa maana kwa bei ya karanga, maana mimi sikuwa na cha kushindana nao. Mwisho kabisa wakaokota wadakaji waliobaki, dola moja moja. Bi Doreen wake watatu: dola tatu. Nikamwambia hao hawajui kupiga. Akasema hata wako hawapigi sana, na wa dola moja naye anachuchumaa vilevile.

Jumapili, 23 Machi

Nimewapigia watu kumi na mmoja, tubadilishane wachezaji. Hakuna anayetaka mdakaji. Mmoja aliniuliza kama nafungua shule.

Nina tisa, wanaoruhusiwa kucheza ni watatu. Sita wamekaa benchi, wananigharimu usingizi. Nimekiangalia kiti cha baba ndani ya gari. Nimeona aibu, kusema kweli.

Jumanne, 12 Agosti

Wa mwisho. Randy ametengeneza fulana.

Bi Doreen kaja dukani. Akaniambia nimpe wadakaji wawili, atanipa warushaji wawili wazuri. Nikamuuliza anataka nini na wadakaji. Akasema hataki kitu. Baba ndiye aliyemfundisha kuandika matokeo ya mchezo, mwaka ule ligi ilipoanza na wanaume wengine hawakutaka mwanamke gerejini. Hatakubali kumwona Randy kwenye kile kiti.

Machozi yalinilengalenga. Kisha akatoa daftari, akanionyesha ule ukurasa. WADAKAJI!!! Akaugeuza. Nyuma ameandika: "Wendell atawanunua wote. Mwache."

Alijua nitachungulia! Akacheka mpaka akashikilia rafu ya mazulia. Akasema, "Mwanangu, siku nyingine geuza ukurasa." Nikamwambia nimesikia. Nimesikia kabisa, nimeiandika hapa ili nisisahau: geuza ukurasa.

Jumapili, 28 Septemba

Msimu umekwisha. Nimekuwa wa kumi na moja! Nimempita Mchungaji Glenn kwa nusu alama, naye amelipokea kama mtu wa Mungu. Bundi ni yangu. Randy anauza fulana.

Nimekipangusa kiti cha baba kwa kitambaa kibichi.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimekwenda kutandika zulia la Bi Doreen. Daftari mezani. Limefunguliwa tena! Masikini, uzee huo. Akaenda jikoni kuleta kahawa, akakawia.

MWAKANI: WARUSHAJI WA MKONO WA KUSHOTO!!! Mistari mitatu safari hii!

Nikataka kugeuza ukurasa, nakiri. Lakini nilisikia vikombe vinagongana, na kwa nini nigeuze? Nilichokitaka nimeshakiona. Bibi hajui anashindana na nani sasa. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani!

Nimempa na zulia la korido, bure kabisa. Niliona huruma, ni kama ninamwibia.